Sauti ya gitaa la bluzi ya kale: maswali ya mara kwa mara ya wapiga gitaa wa Dar es Salaam

Maswali haya ni yale yanayorudiwa na wapiga gitaa wa jijini: wa bendi za dansi, wa vikundi vya sifa makanisani, na wanaojifunza wenyewe nyumbani. Kila jibu linajitosheleza, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Misingi

1. Tunaposema sauti ya bluzi ya kale, tunakusudia sauti ipi hasa?

Tunakusudia sauti ya gitaa la umeme iliyojengeka Marekani kati ya miaka ya 1940 na 1960, kisha ikachukuliwa na vijana wa Uingereza. T-Bone Walker, aliyerekodi Stormy Monday mwaka 1947, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulifanya gitaa la umeme liimbe lenyewe mbele ya bendi. Muddy Waters, aliyehama Mississippi kwenda Chicago mwaka 1943, alihitaji umeme kwa sababu gitaa la kawaida lilimezwa na kelele za vilabu vya mji mkubwa. Baada yao wakaja B.B. King, Freddie King, Albert King, Otis Rush na Buddy Guy, kila mmoja na sauti yake.

Kinachowaunganisha ni kwamba amplifaya ilifunguliwa hadi pale sauti inapokaribia kupasuka, lakini bado haijapasuka. Ukiugusa uzi taratibu, sauti inatoka safi; ukiuchapa kwa nguvu, inakwaruza. Katika majibu yote yanayofuata, hiyo ndiyo sauti ninayoizungumzia: sauti inayoutii mkono. Mtu anayenunua pedali (kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti) ya mkwaruzo mkali na kuifungua yote hupata kelele inayofaa roki, lakini utii huo huupoteza, kwa kuwa gitaa linakwaruza kwa kiasi kilekile hata akiligusa kwa ncha ya kidole.

2. Je, ni lazima niwe na Fender au Gibson halisi?

Hapana. Hound Dog Taylor wa Chicago alijenga jina lake kwa gitaa la bei rahisi lililotengenezwa Japani, na sauti yake hadi leo inatafutwa na wenye magitaa ya mamilioni. Gitaa la kawaida linaloletwa dukani Kariakoo linaweza kufika mbali, mradi liwe na afya.

Kabla ya kulipa, litazame shingo lake kwa urefu kama mtu anayepima ubao, uone kama limenyooka. Bonyeza kila uzi kwenye kila freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) na usikilize kama kuna mahali panapozizima au kulia vibaya. Vuta uzi wa pili kwa nguvu mara kadhaa, kisha angalia kama tyuni imebaki pale pale, kwa sababu bluzi ni muziki wa kuvuta nyuzi na gitaa linalokimbia tyuni halifai hata likiwa zuri kiasi gani. Pikapu dhaifu (zile sumaku zenye koili zinazonasa mtetemo wa nyuzi) zinaweza kubadilishwa baadaye na fundi wa redio mwenye mkono mtulivu. Shingo iliyopinda vibaya ni shida ya kudumu.

3. Mikono inachangia kiasi gani?

Zaidi ya kifaa chochote, na sisemi hivyo kumfariji asiye na fedha. Hubert Sumlin, aliyempigia mwimbaji Howlin' Wolf, alichapa nyuzi kwa vidole vitupu bila piki (kipande kigumu cha kuchapia nyuzi), na ndiyo maana noti zake zinaruka kwa ghafla na kunyamaza kwa ghafla. Freddie King alivaa piki ya plastiki kwenye dole gumba na ya chuma kwenye kidole cha shahada, akapata ukali ambao hakuna nobu ya trebo (sauti za juu) inayoweza kuuiga. B.B. King alikuwa na mtetemo wa kidole unaotoka kwenye kifundo cha mkono, mwembamba na wa kasi sawasawa, unaotambulika kwa noti moja tu.

Jambo la pili ni noti zilizo katikati ya freti. Katika bluzi, noti ya tatu ndogo huvutwa juu kidogo, takriban robo toni, ikakaa mahali ambapo piano haina kitufe. Mtu wa pwani aliyekulia kwenye taarabu asilia, yenye udi, kanuni na fidla, ana faida hapa, maana sikio lake limeshazoea noti za namna hiyo. Asiye na sikio hilo na alizoeze kwa kuimba noti kwanza, kisha aitafute kwenye uzi. Mvuto usiofika mahali pake huharibu sauti kuliko amplifaya mbaya.

## Amplifaya

4. Kwa nini kila mtu anasifu amplifaya za valvu?

Valvu ni zile taa za kioo zinazowaka ndani ya amplifaya. Zikipewa sauti kubwa kuliko uwezo wake, haziikati ghafla, bali huibana kidogo kidogo na kuiongezea sauti ndogondogo za juu zinazopatana na noti yenyewe. Transista ya kawaida ikizidiwa huikata sauti kama kwa kisu, na sikio husikia ukali usiopendeza. Zaidi ya hapo, amplifaya nyingi za zamani zilikuwa na ugavi wa umeme uliolegea: ukichapa uzi kwa nguvu, volti za ndani hushuka kwa muda mfupi kisha hupanda, na noti huonekana kama inavuta pumzi kabla ya kuchanua.

Amplifaya iliyozaa nyingine nyingi ni Fender Bassman ya mwisho wa miaka ya 1950, yenye spika nne za inchi 10. Ilikusudiwa gitaa la besi, lakini wapiga bluzi wakaigundua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, karakana ya Jim Marshall jijini London iliuchukua mchoro wake na kuunda JTM45, na hapo ndipo bluzi ya Uingereza ilipopata sauti yake.

Hata hivyo, asiyekuwa na valvu asikate tamaa. B.B. King mwenyewe alitumia kwa miaka mingi Lab Series L5, amplifaya ya transista. Aliitumia ikiwa safi, na joto la sauti likatoka kwenye gitaa na mkono wake.

5. Nobu niziweke wapi?

Hakuna namba takatifu, kwa sababu kila amplifaya ina tabia yake. Ipo njia inayofanya kazi karibu kila mahali. Fungua volyumu ya gitaa yote. Weka besi kwenye 4, midi (sauti za kati) kwenye 6 na trebo kwenye 5. Kama kuna nobu ya geini (inayoongeza nguvu ya sauti inapoingia) na nobu ya volyumu kuu, anza na geini ikiwa chini na volyumu kuu ikiwa juu kadiri majirani watakavyoruhusu. Sasa chapa uzi kwa nguvu huku ukipandisha geini polepole, na usimame mara tu unaposikia noti inaanza kukwaruza. Rudisha volyumu ya gitaa hadi 6 au 7: hapo utapata sauti safi ya kusindikiza mwimbaji, na ukifungua hadi 10 utapata ya solo. Wapigaji wa zamani walifanya kazi ya usiku mzima kwa nobu hiyo moja iliyo karibu na kidole kidogo.

Besi ndiyo inayowaponza wengi. Chumbani, besi nyingi hupendeza. Ukumbini, ukiwa na gitaa la besi na ngoma nyuma yako, hugeuka tope. Kadiri unavyopandisha sauti, punguza besi. Midi usiiondoe kamwe, kwani ndiyo inayolipitisha gitaa katikati ya bendi.

6. Naishi nyumba ya kupanga yenye wapangaji wengi. Amplifaya ya wati ngapi inafaa?

Wati 5 za valvu zinatosha kuwaamsha wapangaji wote. Watu hudhani kwamba amplifaya ya wati 50 ina kelele mara kumi ya ile ya wati 5. Ukweli ni kwamba sikio husikia tofauti inayokaribia mara mbili tu. Kwa hiyo kununua amplifaya kubwa kwa ajili ya chumba cha Sinza au Magomeni ni kujinyima, kwa sababu hutaifungua kamwe hadi inapoanza kuwa na ladha.

Njia zilizopo ni tatu: amplifaya ndogo ya valvu iliyowekewa kipunguza nguvu kati yake na spika, amplifaya ya kidijitali inayoiga za kale, au programu ya simu au kompyuta pamoja na hedifoni. Kwa mazoezi ya usiku, mimi ningechagua ya tatu bila kusita. Ila siku moja kwa wiki tafuta mahali pa kupiga kwa sauti halisi, kwa kuwa mkono hujifunza kuidhibiti sauti kubwa kwa kuizoea tu.

7. Ndugu yangu ameniletea amplifaya kutoka Marekani. Naweza kuichomeka tu?

Usiichomeke kabla ya kusoma maandishi ya nyuma yake. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230 na hezi 50, wakati wa Marekani ni volti 120 na hezi 60. Amplifaya ya volti 120 ikichomekwa moja kwa moja itaungua fyuzi, ukiwa na bahati. Usipokuwa na bahati itaungua transfoma, ambayo ni moyo wake.

Unahitaji transfoma ya kushusha umeme. Kwa amplifaya ya valvu ya wati 20 hadi 40, chukua yenye uwezo wa wati 300 hadi 500, kwa sababu amplifaya hutumia umeme mwingi kuliko wati zinazotoka kwenye spika. Fahamu pia kwamba transfoma ya ndani iliyoundwa kwa hezi 60 tu hupata joto zaidi kwenye hezi 50, hivyo acha nafasi ya hewa nyuma yake na usiisogeze ukutani. Baadhi ya amplifaya zina swichi ya kuchagua volti. Hizo ni rahisi, mradi uhakikishe imewekwa upande sahihi na fyuzi inalingana.

## Gitaa na nyuzi

8. Pikapu ya koili moja au ya koili mbili?

Zote ni za bluzi. Koili moja, kama ya Stratocaster iliyotoka mwaka 1954 au Telecaster nyekundu ya Muddy Waters, hutoa sauti ya wazi yenye makali kidogo, na hunguruma karibu na umeme (tazama swali la 14). Koili mbili, aliyoiunda Seth Lover kwa ajili ya Gibson katikati ya miaka ya 1950, huondoa mngurumo huo na hutoa sauti nene inayoisukuma amplifaya kupasuka mapema.

La muhimu zaidi ni pikapu ipi unaichagua kwa swichi. Iliyo shingoni ni ya mviringo na ya kuimba, iliyo karibu na daraja ni ya kukata. Anayeanza aanze na ya shingoni. Akitumia ya daraja, apunguze nobu ya toni ya gitaa hadi 6 au 7. Watu wengi hawaigusi nobu hiyo tangu siku waliyonunua gitaa.

9. Nyuzi nene zina sauti bora?

Zina sauti nzito kidogo na hustahimili kuchapwa kwa nguvu, lakini kwa wengi hasara huizidi faida. Mpiga bluzi Stevie Ray Vaughan alitumia uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, wa 13 (yaani unene wa sehemu 13 za elfu moja za inchi), na alishusha tyuni nusu toni, jambo linalopunguza mkazo. B.B. King alitumia uzi wa kwanza wa 10. Kama vidole vyako haviwezi kuvuta uzi hadi toni nzima kwa usahihi na kuutetemesha ukiwa huko juu, nyuzi hizo ni nene mno kwako. Seti ya 10 inawafaa wengi. Kwenye gitaa lenye shingo fupi la namna ya Gibson, lenye urefu wa uzi wa milimita 628 hivi badala ya 648 za Fender, seti ya 11 huvutika karibu sawa na hiyo.

10. Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi. Nibadilishe nini?

Swali hili napenda kulijibu kwa kirefu, kwa sababu wanaoliuliza tayari ni wapigaji hodari na kinachowazuia ni mazoea tu.

Katika dansi, kama tunavyolisikia kwa Msondo Ngoma au Mlimani Park, magitaa hupangana: solo, sekondi solo na ridhimu, kila moja likiwa na mstari wake unaozunguka na kupishana na mwingine. Ili mistari hiyo isigongane, kila gitaa lazima liwe safi, jembamba na lenye trebo nyingi. Amplifaya haipasuki, na mara nyingi kuna mwangwi mfupi. Sauti hiyo ni sahihi kabisa kwa kazi yake, na bendi ya dansi ingevurugika kama mpiga solo angeingia na sauti ya Freddie King.

Bluzi hugawa kazi kwa namna nyingine. Gitaa la solo halizunguki muda wote. Humngoja mwimbaji amalize sentensi, kisha humjibu. B.B. King alipokuwa akiimba gitaa lilinyamaza, na gitaa lilipolia yeye alinyamaza. Kwa kuwa linapewa nafasi yote peke yake, linaweza kuwa nene, na kwa kuwa linapiga noti chache, kila noti lazima ibebe uzito. Kwa hiyo punguza trebo, ongeza midi, hamia pikapu ya shingoni, zima mwangwi wa kurudiarudia, na ufuate hatua za swali la 5.

Kinachobaki ni kigumu zaidi, nacho ni kupunguza noti. Mkono uliozoea sebene huogopa ukimya. Piga mzunguko wa bluzi wa bar 12 (vipimo 12 vya mdundo) ukitumia noti tatu tu, na ubadilishe nguvu ya mkono badala ya noti. Ukiweza kuufanya mzunguko mzima uvutie kwa noti hizo tatu, sauti yako imeshabadilika kuliko pedali yoyote ingeweza kuibadilisha. Usitupe ulichonacho: vile vifungu vya noti mbili mbili vinavyotembea pamoja katika dansi huingia vizuri sana katika bluzi, vikipigwa polepole.

## Pedali

11. Ovadraivu (pedali ya mkwaruzo mwepesi) ipi, na niiweke vipi?

Ya namna ya Tube Screamer ya Ibanez ndiyo inayojulikana zaidi, na zipo nakala nyingi za bei nafuu zinazofanya kazi vizuri. Pedali hiyo hupunguza besi na kuinua midi, jambo ambalo linaifaa bluzi.

Kosa la kawaida ni kufungua draivu (kiasi cha mkwaruzo) yote na kushusha levo (ukubwa wa sauti inayotoka). Fanya kinyume: draivu kwenye 2 au 3, levo kwenye 7 au 8, toni katikati. Hapo pedali inaisukuma amplifaya, na amplifaya ndiyo inayokwaruza. Kama amplifaya yako ni safi kabisa na haipasuki, ongeza draivu kidogo, hadi 4 hivi, na ukubali kwamba mkwaruzo sasa ni wa pedali. Kumbuka pia kuchomoa kebo ya kuingilia unapomaliza, kwani ndiyo inayowasha betri ya volti 9, nayo itakwisha usiku kucha ukiiacha.

12. Rivabu (mwangwi kama wa ukumbini) ni lazima?

Hapana. Amplifaya za miaka ya 1950 nyingi hazikuwa nayo. Fender ilianza kuiweka ndani ya amplifaya mwaka 1963. Weka kidogo, kiasi ambacho ukikizima ndipo unagundua kilikuwepo. Kwenye ukumbi wa zege wenye mwangwi wake, izime.

## Kanisani, jukwaani na kwenye umeme wetu

13. Kanisani hatuna amplifaya. Gitaa linaingia moja kwa moja kwenye mikisa. Nifanyeje?

Hili pengine ndilo swali linaloulizwa kuliko yote jijini, na lina sababu mbili za kiufundi.

Ya kwanza ni kwamba pikapu ya gitaa inahitaji ingizo lenye ukinzani mkubwa, takriban ohm milioni 1, na ingizo la mikisa huwa dogo mno kuliko hilo. Matokeo yake ni sauti iliyofifia, isiyo na uhai juu. Ya pili ni kwamba spika ya gitaa hupunguza kwa nguvu sauti zilizo juu ya hezi 5,000 hivi, wakati spika za ukumbini hutoa hadi mwisho wa usikivu. Mkwaruzo wa pedali ukipita kwenye spika za ukumbini bila kuchujwa husikika kama nyuki kwenye kopo. Ndiyo maana pedali nzuri dukani huwa mbaya kanisani.

Suluhisho ni kifaa chochote chenye uigaji wa amplifaya na spika: prosesa ndogo ya gitaa, au pedali ya uigaji wa spika inayokaa mwisho wa mnyororo. Hakikisha sehemu ya uigaji wa spika imewashwa, kwa sababu nyingi huja na chaguo la kuizima. Kama hakuna fedha ya kifaa hicho, tumia di-boksi (kisanduku cha kuunganisha gitaa na mikisa) ya ukinzani mkubwa, kisha umwombe fundi mitambo akate sauti zote zilizo juu ya hezi 5,000 na zilizo chini ya hezi 100 kwenye laini yako. Haitakuwa Chicago, lakini mkono wako utasikika.

14. Gitaa langu linanguruma. Tatizo ni nini?

Tofautisha aina mbili. Mngurumo unaobadilika ukigeuka upande mwingine unatoka hewani: pikapu ya koili moja inanasa umeme wa hezi 50 kutoka transfoma, taa na hasa regulata za feni. Geuka, sogea mbali na amplifaya, zima feni wakati wa kurekodi, au chagua nafasi ya swichi inayounganisha pikapu mbili. Kwenye magitaa mengi ya sasa hilo huondoa mngurumo.

Mngurumo unaopungua ukigusa nyuzi au daraja kwa kawaida huonyesha kwamba kinga ya ndani ya gitaa ni dhaifu au chumba hakina ethi nzuri. Fundi aangalie waya unaokwenda kwenye daraja, na mwenye nyumba aangalie ethi. Usikate kamwe pini ya ethi kwenye plagi ili kunyamazisha kelele. Anayeshika nyuzi huku midomo ikigusa maikrofoni iliyo kwenye mfumo mwingine wa umeme anaweza kupigwa shoti ya kuua.

15. Umeme ukikatika tunatumia jenereta au inveta. Kuna madhara?

Jenereta ndogo hupandisha na kushusha volti kila mzigo unapobadilika. Weka stabilaiza na uwashe amplifaya baada ya jenereta kutulia. Inveta za bei rahisi hazitoi wimbi laini la umeme na huleta mlio wa juu usioondoka. Pedali kwenye betri hubaki kimya, kwa hiyo ni busara kuwa na betri mpya begini.

16. Nyuzi zinashika kutu baada ya wiki chache. Ni kawaida?

Ndiyo, kwa hewa ya pwani yenye unyevu na chumvi, hasa wakati wa masika. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini, kila umalizapo kupiga. Gitaa likae ndani ya kasha pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Nyuzi zenye utando wa kinga ni ghali, lakini hapa kwetu zinalipa. Nobu zikianza kukwaruza, tatizo huwa ni uchafu au kutu ndani; dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme huzirudisha, na volyumu inayokwenda vizuri ni nusu ya sauti ya bluzi.

## Sauti za wapigaji mahususi

17. Nataka sauti ya B.B. King.

Alipiga gitaa la Gibson la namna ya ES-355, lenye mwili ulio nusu wazi, na kila gitaa lake akaliita Lucille. Mwaka 1974 alilipiga Kinshasa, kwenye tamasha lililoambatana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Tumia koili mbili, sauti karibu safi, midi juu, rivabu kidogo. Kazi kubwa ni mtetemo na ukimya: rudi kwenye maswali ya 3 na 10.

18. Na ya Eric Clapton, mpiga gitaa wa Uingereza, wa mwaka 1966?

Hiyo ni sauti ya albamu aliyorekodi na John Mayall katika studio za Decca, London: gitaa la Gibson Les Paul lenye koili mbili likiingia kwenye amplifaya ya Marshall yenye spika mbili za inchi 12, ikiwa imefunguliwa kwa sauti ya jukwaani ingawa mafundi wa studio hawakuzoea kelele hiyo. Bila sauti kubwa haiji kikamilifu. Kwa kifaa cha kidijitali, chagua uigaji wa JTM45, geini juu, trebo juu, kisha punguza toni ya gitaa kidogo.

19. Sauti ya Peter Green, mpiga bluzi wa Uingereza, iliyo kama ya puani inatoka wapi?

Sumaku ya pikapu ya shingoni ya Les Paul yake iligeuzwa. Akiweka swichi katikati, pikapu mbili zilipingana na sehemu ya sauti nene ikafutika, ikabaki ile nyembamba yenye huzuni. Fundi anaweza kuipata kwa kubadilishana nyaya mbili za pikapu moja, ikiwa pikapu hiyo ina waya wa kinga uliotengwa. Volyumu mbili zikitofautiana kidogo, sauti hunenepa. Zikilingana, hukonda zaidi.

20. Na slaidi (bomba la kuvaa kidoleni na kuteleza juu ya nyuzi), kama ya mpiga bluzi Elmore James?

Shingo ya chupa iliyokatwa na kulainishwa kingo inatosha. Chagua inayokaa vizuri kwenye kidole cha pete au kidogo. Tyuni gitaa kuanzia uzi mnene: D, A, D, F kali, A, D. Inua nyuzi kwenye daraja kidogo ili slaidi isigonge freti, na uweke slaidi juu ya chuma cha freti chenyewe, si nyuma yake. Kidole cha nyuma kiguse nyuzi kidogo kuzuia milio isiyotakiwa. Seti ya 11 au 12 ni bora hapa kuliko ilivyoshauriwa katika swali la 9.

## Masuala ya pembeni

21. Naweza kuifungua amplifaya ya valvu mwenyewe?

Kubadilisha valvu ndogo za mwanzo, ikiwa imezimwa na imepoa, ni sawa. Zaidi ya hapo, hapana. Ndani kuna volti 300 hadi 450 au zaidi, na kapasita huzihifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Mpelekee fundi anayejua kuzimwaga kwanza. Muulize kabla hajafungua anafanyaje, na akisita, ondoka na amplifaya yako.

22. Natumia mkono wa kushoto na sipati gitaa la kushoto. Nitaweza bluzi?

Albert King na Otis Rush walikuwa wa mkono wa kushoto, na wote walipiga nyuzi zikiwa zimegeuka, uzi mwembamba ukiwa juu. Kwa mpangilio huo, nyuzi nyembamba huvutwa kuelekea chini, na mkono una nguvu zaidi ukivuta kuelekea chini kuliko ukisukuma juu. Mivuto mipana ya Albert King inatokana kwa sehemu na hilo. Kwa hiyo chaguo ni lako. Ukitaka kujifunza kwa maumbo ya kodi yanayofundishwa na wengine, geuza nyuzi na umwombe fundi achonge upya mifereji ya nati (kipande kinachoshika nyuzi mwisho wa shingo). Ukiwa tayari umezoea kupiga zikiwa zimegeuka, usiziguse nyuzi hizo. Hamisha tu kitufe cha mkanda upande wa pili na uendelee kupiga.